Tunamsaka muuza biskuti, sumu inapita na kipaza sauti

Juni 2025 Baraza la Mawaziri la Afrika Kusini liliridhia kupigwa marufuku kwa terbufosi, dawa ya wadudu wa shambani ambayo miezi minane kabla yake ilikuwa imewaua watoto 6 wa mtaa wa Naledi, Soweto. Habari hiyo huku kwetu ilipita kimya. Iliyopita kwa kishindo ni ile ya mwanzo, ya Oktoba na Novemba 2024, iliyotufikia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na ya kwaya kwa sauti za watu wasiojitaja: kuna biskuti zinaua watoto, kuna wageni wametumwa, msiwape watoto hela ya kwenda dukani. Hadi leo ukimuuliza mzazi wa Tandika au wa Kongowea habari za watoto wale, atakwambia walitiliwa sumu kwenye vitafunwa. Aliposikia hivyo alifunga simu, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyokuwa inamhusu yeye. Maana watoto wanaokufa kwa sumu, kule na huku, ni nadra kukuta nyuma yao kuna mtu aliyepanga kuwaua. Utakuta kemikali kali iliyotengenezwa kwa ajili ya shamba, ikatolewa kwenye chombo chake, ikapimwa kwa bei ya mfukoni na kuingia kwenye nyumba ya chumba kimoja. Anayetaka kuwaokoa aishike kemikali hiyo na njia inayopita. Kumlaumu mama na kumfukuza mwenye duka kunatupa mtu wa kumchukia, na kesho yake sumu iko palepale.

Tuanze na Naledi kwenyewe. Watoto wale walikufa mwanzoni mwa Oktoba 2024, na kwa kuwa ilisemekana walikula vitafunwa vya dukani, hasira ikaenda dukani. Maduka hayo madogo ya mitaani, spaza kwa lugha ya kule, mengi yanaendeshwa na Wasomali, Waethiopia, Wapakistani na Wabangladeshi. Yakavamiwa, mengine yakaporwa, wenyewe wakakimbia. Mwishoni mwa mwezi Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, akatangaza majibu ya maabara: terbufosi. Hiyo ni dawa iliyoandikishwa kwa matumizi ya kilimo tu, tena kwa masharti, na haikuruhusiwa kutumika majumbani. Lakini mitaani dawa za aina hiyo zilikuwa zikiuzwa waziwazi kama sumu ya panya, kwa jina ambalo kila mtu alilijua, Halephirimi, yaani jua halitui: panya akiila haioni magharibi. Tarehe 15 Novemba Rais Cyril Ramaphosa alipolihutubia taifa alitaja vifo vya watoto visivyopungua 22 katika wiki za karibuni, na matukio 890 ya magonjwa ya chakula yaliyoripotiwa tangu mwanzo wa Septemba. Katika hotuba hiyohiyo alisema jambo ambalo zile sauti za WhatsApp hazikulibeba. Alisema hakuna ushahidi wa njama ya kuwaua watoto, na kwamba watu wanatafuta dawa hizi kwa sababu panya wamejaa, na panya wamejaa kwa sababu taka haziondolewi.

Sentensi hiyo ya taka na panya ingetosha kuandikia sera nzima. Hata hivyo hatua iliyopewa uzito wa kwanza ilikuwa kuyataka maduka yote ya spaza yajiandikishe ndani ya siku 21. Sina ugomvi na kuandikisha maduka. Duka linaloweka unga na dawa ya panya kwenye rafu moja linahitaji mtu wa kulikagua. Ila hoja kwamba mgeni mwenye duka ndiye chanzo ndiyo dhaifu kuliko zote zilizotolewa, na inaanguka kwa swali moja tu: yeye aliipata wapi? Soko la dawa hizo ni la wote, mwenyeji na mgeni, na panya wanaotafuna magunia ya Msomali ndio haohao wanaotafuna ya jirani yake Mzulu. Mwondoe mgeni, mkabidhi mwenyeji funguo, taka zibaki na mchuuzi abaki: rafu ni ileile. Hanna-Andrea Rother wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliandika mwaka 2010, miaka 14 kabla ya Naledi, jinsi dawa hizi za mitaani zinavyopenya kwenye mianya ya sheria na kuwadhuru vijana wa mijini. Kabla ya hapo na baada ya hapo watoto walikuwa wakifikishwa hospitali mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na mmoja mmoja haufanyi habari. Ilibidi wafe sita kwa mpigo, na hata hapo ikapita miezi minane mingine kabla ya serikali kuigusa kemikali yenyewe.

Sasa njoo huku. Kila mkazi wa mjini anaijua ile sauti: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, papasi. Imerekodiwa mara moja, inajirudia kutwa nzima kutoka kwenye kipaza sauti kilichofungwa kwenye baiskeli. Mwezi uliopita nilisimama kwa kijana mmoja wa kazi hiyo karibu na kituo cha daladala. Kwenye ubao wake kulikuwa na vifuko vyenye picha ya panya, gundi ya kunasia, na chupa tatu za maji ya kunywa za nusu lita, lebo zimebanduliwa, ndani kuna kimiminika cheupe kama maziwa. Akaja dada mwenye mtoto mgongoni, akataka ya mia tano. Kijana akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, kile cha kahawia, akakisuuza kwa maji kidogo, akamimina kwa kizibo: vizibo viwili, cha tatu cha nyongeza. Dada akakifunika, akakitia kwenye mkoba pamoja na nyanya. Nilimuuliza yule kijana dawa hiyo inaitwaje. "Dawa ya kunguni, mzee." Jina lake la kiwandani? "Hii ni kali, hata wakiwa ndani ya ukuta wanatoka." Sikuona kama ananificha kitu. Na yeye alipimiwa na mtu, kwenye chupa ya maji, na huyo mtu alipimiwa na mwingine, na lebo ilibaki huko mwanzo kabisa wa mnyororo.

Neno lenyewe lilinifanya nibaki pale kidogo. Alichomeza mtoto yule jana usiku akiwa na homa ni dawa, na kilichomiminwa kwenye kichupa kilekile ni dawa. Dawa ya meno, dawa ya minyoo, dawa ya panya, dawa ya mahindi. Wataalamu wametuletea "kiuatilifu", neno zuri, limo kwenye sheria na kwenye jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, lakini sijawahi kumsikia mkulima akiingia duka la pembejeo akaomba kiuatilifu. Mtoto wa miaka mitatu anachojua ni kwamba kichupa cha kahawia hukaa juu, mama hukishusha, unafumba macho, unameza, halafu unasifiwa. Hapo hana kosa lolote, anafanya alichofundishwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2004 watu zaidi ya 45,000 wenye umri chini ya miaka 20 walikufa kwa sumu duniani, na nina hakika hesabu hiyo ina vichupa vingi vya namna hii ndani yake, pamoja na chupa za soda.

Nyumbani kwetu ilikuwa chupa ya soda. Ya kijani, nyuma ya mlango wa jikoni, imejaa mafuta ya taa, mdomo umezibwa kwa kipande cha gazeti kilichosokotwa. Mdogo wangu aliinywa akiwa na miaka miwili, mchana wa jua kali, na bibi akafanya alilolijua: maziwa, kisha kidole kooni. Nesi wa zahanati tuliyokimbilia alimfokea bibi mbele za watu, na kwa kitaalamu nesi alikuwa sahihi, kwa kuwa mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia mapafuni, na kumtapisha mtoto ni kuyafungulia njia ya kwenda huko. Mdogo wangu alipona, leo ana watoto wake. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba siku ya tatu chupa ilirudi nyuma ya mlango. Mafuta yalikuwa yanapimwa dukani kwa chupa, na chombo kingine hapakuwa.

Nimeitaja hadithi hiyo kwa sababu hoja ya uzembe wa wazazi ndiyo inayorudi kila mtoto anapokufa, na ina uzito kuliko ile ya mgeni. Ni kweli mtu mzima ndiye anayeamua kitu kikae wapi. Ni kweli pia kwamba kuna nyumba ambako dawa ya kuogeshea mbuzi inakaa chini ya kitanda hali kabati lipo. Lakini kila lebo ya dawa hizi, kwa wale wanaobahatika kuiona lebo, imeandikwa "weka mbali na watoto", na mimi huwa nauliza: mbali ni wapi, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi wanamolala watu watano, mnamopikwa, mnamowekwa ndoo za maji na gunia la mahindi? Hoja ya uzembe inadai kwamba tatizo ni tabia ya mama. Ingekuwa hivyo, vifo vingepungua pale tu akina mama wanapobadilika tabia. Marekani walipitisha mwaka 1970 sheria ya kutaka dawa na kemikali hatari za nyumbani zifungwe kwa vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Mwaka 1972 watoto 216 wa chini ya miaka mitano walikufa huko kwa kula vitu hivyo. Miongo iliyofuata idadi ikateremka hadi makumi machache kwa mwaka. Akina mama wa Marekani hawakugeuka waangalifu ghafla. Kifuniko ndicho kilichobadilika. Na asije mtu akasema hayo ni mambo ya matajiri: utafiti uliochapishwa mwaka 1994 huko huko Afrika Kusini ulionyesha kwamba familia zilipogawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye kifuniko cha namna hiyo, matukio ya watoto kunywa mafuta ya taa yalishuka kwa asilimia 47. Nusu, kwa kifuniko cha plastiki.

Hadi hapa nimesema juu ya watoto wadogo. Wa miaka 14 hadi 19 wana habari nyingine, na mijadala yetu inaharibika kwa kuwatia wote kwenye kapu moja. Mdogo hunywa asichokijua. Mkubwa, aliyefeli, aliyeaibishwa mbele ya darasa, aliyegundua ana mimba na hajui atamwambia nani, huwa anajua anachokishika, ingawa mara nyingi hajui kina ukali gani. Huyu kifuniko hakimzuii. Hata kufuli halimzuii: nchini Sri Lanka watafiti waligawa masanduku yenye kufuli ya kutunzia dawa za shamba kwa nyumba za vijiji vya kilimo, wakalinganisha na vijiji vingine visivyogawiwa, vijiji 180 kwa jumla. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti. Mwenye kujua ufunguo unaning'inia wapi ni mtu wa nyumba hiyohiyo. Wanaoshauri kila kaya inunue sanduku la chuma, na wapo, tena baadhi wanatoka kwenye kampuni zinazotengeneza dawa hizo, wanatupa kazi ya miaka mingi isiyo na mavuno.

Kilicholeta mavuno Sri Lanka kilikuwa kikavu na cha kiofisi: msajili wa dawa za kilimo aliziondoa sokoni zile zilizo kali kuliko nyingine, moja baada ya nyingine, kuanzia miaka ya 1980 hadi parakwati, dawa ya kuulia magugu, iliyomalizwa kuondolewa karibu na 2011. Mwaka 1995 nchi ile ilikuwa na vifo vya kujiua karibu 57 kwa kila watu 100,000, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 2015 vilikuwa 17. Makadirio ni kwamba marufuku hizo ziliokoa maisha ya watu 93,000 katika miaka 20. Hapa ndipo huja mtu na ule msemo wa mitaani, kwamba anayetaka kufa haishiwi njia. Unasikika kama hekima ya wazee, lakini takwimu zinaukataa. Namba nilizozitaja ni za kujiua kwa njia zote. Kama watu wangehamia njia nyingine, jumla isingeshuka, ingebaki ilipo na kubadilisha sura tu. Wanaofanya kazi na vijana hawa wanajua sababu: dhoruba ile huja kwa ghafla, aghalabu baada ya ugomvi, na hupita, wengi sana wanaonusurika hawarudii hadi kufa. Kinachoamua kama binti wa kidato cha pili atamaliza kidato cha nne ni kitu gani kilikuwa karibu na mkono wake saa ile, na kama kilimwachia nafasi ya kufikishwa hospitali.

Hoja ngumu ni ya mkulima, na sitaki kuipita mbio. Viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016 na kutufikia sisi mwaka uliofuata, kuna watu waliamka asubuhi wakakuta shamba la mahindi limebaki mabua. Kumwambia mtu huyo kwamba dawa yake inaondolewa kwa sababu ya watoto wa mjini ni kumwomba alipie deni la mwingine. Wapinzani wa marufuku wana mfano wao pia, nao unatoka Sri Lanka hiyohiyo: mwaka 2021 serikali ya Gotabaya Rajapaksa ilizuia mbolea na dawa zote za viwandani kwa mkupuo, mavuno yakaanguka, na kabla ya mwaka kwisha ikabidi irudi nyuma. Wanasema, unaona? Mimi nasema, ndiyo, nimeona, na ni mambo mawili tofauti yaliyotokea kwenye kisiwa kimoja. La 2021 lilikuwa la kisiasa, la kila kitu, la usiku mmoja. Lile la awali liligusa dawa chache zenye ukali wa kupita kiasi, kila moja ikipewa muda na ikiachiwa mbadala usio mkali vile, na watafiti waliopima mavuno hawakuona yameshuka kwa sababu yake. Mkulima anahitaji kuua kiwavi. Hahitaji kitu ambacho kinaweza pia kumuua ng'ombe wake, mbwa wake na mwanawe.

Tena jambo hili kwetu si geni. Mwaka 2009 kampuni iliyokuwa ikitengeneza Furadan, dawa kali ya wadudu wa shambani, iliiondoa dawa hiyo kwenye maduka ya Kenya na kununua akiba iliyobaki, baada ya dunia kuona kwenye televisheni kwamba wafugaji wanaitumia kuulia simba. Nilifurahi kwa ajili ya simba. Lakini jiulize ni mtoto gani wa Kitui au wa Kilosa angeweza kuiondoa dawa sokoni kwa kufa kwake.

Kuna sababu watoto hao hawaonekani, na sehemu yake tumeitengeneza wenyewe kwa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Jiweke mahali pa baba anayemfikisha binti yake mapokezi saa nne usiku, mate yanamtoka, macho yamebana, anapumua kwa shida. Anaulizwa amekula nini. Akisema ukweli, polisi. Kwa hiyo anasema labda ni chakula, labda ni kitu alichonunua njiani. Daftari linaandikwa hivyo, takwimu ya wilaya inatoka hivyo, na daktari anapoteza dakika ambazo hana. Ndiyo maana naiogopa hadithi ya biskuti kuliko inavyostahili uvumi wa kawaida: inamfaa kila mtu. Familia inaepuka aibu, halmashauri inaepuka swali la taka, mwenye kiwanda hatajwi. Sikatai kwamba chakula kinaua. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa. Gambia mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa kwa dawa za maji, za kikohozi na homa, zilizokuwa na kemikali ya viwandani ndani yake. Kila moja ya hizo ina njia yake na kinga yake, na hakuna hata moja inayotibika kwa kuvamia duka.

Na yule binti wa mapokezi anahitaji atropini. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu tangu wengi wetu hatujazaliwa, na kwa sumu za jamii ya terbufosi ndiyo inayokausha kifua ili mgonjwa apumue. Shida yake ni wingi: kwa matumizi ya kawaida kichupa kimoja kinatosha, kwa sumu hii mgonjwa mmoja mahututi anaweza kumaliza akiba ya kituo cha afya kabla ya alfajiri. Kituo kinachoagiza kwa kuangalia matumizi ya mwezi uliopita kitaagiza vichache, kwa kuwa mwezi uliopita kwenye daftari palikuwa na "chakula". Unaona uongo mmoja unavyozaa mwingine.

Ukikubali kwamba tatizo liko kwenye kemikali na njia yake, mambo ya kufanya yanajipanga yenyewe, na mengine hayapendezi masikioni mwa watu wa afya. Kuzuia tu kupima dawa kwenye chupa za maji kutashindwa, kwa kuwa dada yule alikuwa na mia tano, na hakuna aliyemtengenezea kifuko kilichofungwa kiwandani cha mia tano chenye dawa isiyo kali. Biashara ya vifuko tunaijua. Sabuni, majani ya chai na mafuta ya nywele vimetufikia hivyohivyo. Mwenye kiwanda anayesema kifuko kidogo hakilipi aulizwe kwa nini shampoo inalipa. Kwa mafuta ya taa, kituo kinachouza kwa kipimo kinaweza kutakiwa kisijaze chombo chochote kisicho na kifuniko chake, na gharama ya kifuniko iwe ndani ya bei ya lita. Kwa mkulima, orodha fupi ya dawa za kuondolewa, yenye tarehe na mbadala, ianze na zile ambazo Mkemia Mkuu wa Serikali anazikuta mara kwa mara kwenye sampuli za waliokufa. Orodha hiyo iwekwe hadharani ili wizara ya kilimo na ya afya zisomane. Kwa sasa moja inaandikisha dawa na nyingine inazika. Halafu taka. Najua hakuna waziri anayependa kusimama mbele ya kamera na kusema amepunguza vifo vya watoto kwa kununua magari ya taka, lakini penye panya wachache hapana soko la sumu ya panya.

Zinabaki zile baiskeli. Mamlaka ya viuatilifu ina wakaguzi, nao huenda kwenye maduka yenye milango. Kijana wa kipaza sauti hana mlango. Mtu wa serikali anayekutana naye mara kwa mara ni yule wa ushuru, anayetaka kuona kitambulisho cha mjasiriamali, cha shilingi 20,000. Yule niliyesimama kwake alikuwa nacho, amekivaa shingoni, plastiki imepauka kwa jua. Nilimuuliza kama siku ya kukichukua walitaka kujua anauza nini. Akafikiri kidogo, huku akibandua lebo ya chupa nyingine ya maji kwa ukucha.

"Waliandika biashara ndogondogo," akasema.